Faibroidi, uvimbe kwenye kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila siku ya kliniki ya wanawake. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine hunong'onezwa mlangoni mgonjwa akiwa ameshaaga. Majibu hayana urefu sawa kwa sababu maswali hayana uzito sawa, na hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya daktari aliyekupima tumbo na kuiona picha yako.

Faibroidi ni nini hasa?

Ni uvimbe unaoota kutoka kwenye misuli ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Seli moja ya msuli hubadilika, huanza kujigawa, na zote zinazotokana nayo hukaa pamoja zikijenga donge gumu la mviringo. Kwa hiyo mwanamke mwenye vimbe saba hana ugonjwa mmoja uliosambaa. Kila uvimbe ulianza peke yake, na kila mmoja unaweza kukua kwa mwendo wake. Hospitalini utasikia pia majina mayoma na leiomayoma. Ni kitu kile kile.

Chumba cha upasuaji ndicho kinachouonyesha vizuri. Daktari akichana ukuta wa kizazi juu ya uvimbe, donge hujitokeza lenyewe, jeupe au la kijivu, gumu, lenye mpaka unaoonekana wazi. Ukilipasua katikati, uso wake unatuna kidogo na unaonyesha nyuzi zilizozungukana kama kawa la ukili. Pembeni yake kuna tabaka jembamba la msuli wa kawaida uliobanwa. Tabaka hilo ni muhimu kwako wewe mgonjwa, kwa kuwa ndilo linalomwezesha daktari kuuchomoa uvimbe na kukiacha kizazi mahali pake.

Uvimbe huu hulishwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Ndiyo sababu hauonekani kwa mtoto ambaye hajavunja ungo, na kwa kawaida husinyaa mwanamke akishakoma hedhi.

Je, ni saratani? Itageuka kuwa saratani?

Si saratani. Kuna saratani ya msuli wa kizazi iitwayo leiomayosarkoma, lakini ni adimu, na mara nyingi huanza yenyewe kama saratani badala ya kutokana na faibroidi iliyokuwepo miaka mingi. Shida ni kwamba kabla ya upasuaji inaweza kufanana na faibroidi kwenye picha. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya wanawake 350 wanaofanyiwa upasuaji wa faibroidi, mmoja hukutwa na sarkoma ambayo haikushukiwa, ikaonya dhidi ya mashine za kusaga uvimbe ndani ya tumbo kwa sababu zinaweza kutawanya seli za saratani. Makadirio yaliyofuata yalikuwa madogo zaidi, ila tahadhari imebaki.

Uvimbe unaokua baada ya kukoma hedhi ni jambo la kuchunguzwa upesi. Unaokua ukiwa bado unapata hedhi, peke yake, si dalili ya saratani.

Kwa nini mimi? Ni uzazi wa mpango?

Uzazi wa mpango unasingiziwa sana kwenye jambo hili. Tafiti zimeonyesha kuwa waliotumia sindano ya miezi mitatu walipata faibroidi kwa uchache zaidi kuliko wasioitumia. Wala hazitokani na kutoa mimba, uchafu, au dhambi ya mtu yeyote. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona wanawake wakifika kliniki wamechelewa miaka, si kwa kukosa nauli, bali kwa aibu waliyopachikwa na watu wa nyumbani.

Kinachojulikana ni hiki: hatari huongezeka kuanzia miaka ya thelathini hadi kukaribia kukoma hedhi, na ni kubwa zaidi kwa aliyevunja ungo mapema, ambaye hajazaa, mwenye uzito mkubwa, mwenye upungufu wa vitamini D, au ambaye mama au dada yake anazo. Ni kweli kwamba waliozaa huwa nazo kidogo zaidi, lakini kumwambia binti "zaa tu zitaisha" si tiba na si ushauri.

Wanawake weusi ndio wanaoumia zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, uliowapima wanawake kwa ultrasaundi badala ya kusubiri walalamike, ulikadiria kuwa kufikia miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya weupe wanakuwa nazo. Weusi huzipata mapema, nyingi na kubwa zaidi. Ukizitazama takwimu hizo utaona jambo jingine pia: wengi wanazo na hawana dalili yoyote.

Nitajuaje kama damu yangu ni nyingi kupita kawaida?

Vitabu vinasema zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja, yaani kama theluthi ya kikombe cha chai. Hakuna anayepima hivyo nyumbani. Angalia haya: unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, unavaa pedi mbili kwa pamoja, unatoa mabonge makubwa, unaamka usiku kubadilisha shuka, au hedhi inapita siku saba.

Na tazama maisha yako. Mwanamke anayeweka khanga iliyokunjwa chini yake kwenye kiti cha daladala, anayevaa nguo nyeusi wiki nzima, anayekwepa harusi na safari akihesabu tarehe, huyo anatokwa na damu nyingi, hata kama mama yake naye alikuwa hivyo. Kwenye familia zenye faibroidi hedhi nzito hurithiwa pamoja na maneno "sisi ndivyo tulivyo", na hakuna anayekwenda kupimwa.

Dalili nyingine ni uzito chini ya kitovu, tumbo kujaa ukadhaniwa una mimba, kukojoa mara kwa mara au mkojo kugoma kutoka, choo kigumu, maumivu ya kiuno, na maumivu wakati wa tendo la ndoa.

Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi, ukasikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio au pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kliniki ya Jumatatu.

Dada yangu ana uvimbe mkubwa na haumwi. Mimi wangu ni sentimita mbili na damu haikatiki. Inakuwaje?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, kwa sababu jibu lake linabeba karibu maamuzi yote ya tiba. Mahali uvimbe ulipo ni muhimu kuliko ukubwa wake.

Ukuta wa kizazi una ngozi laini ya ndani inayomwagika kila mwezi, msuli mnene katikati, na utando wa nje. Uvimbe ulioota ukasukuma ndani, kwenye nafasi anamokaa mtoto, huvuruga ile ngozi laini na mishipa yake. Sentimita mbili zinatosha kukumaliza damu na kuzuia mimba. Uvimbe ulioota kuelekea nje unaweza kufika sentimita kumi usibadilishe hedhi hata kidogo, ukaishia kubana kibofu au kuning'inia tumboni kwa kikonyo. Wale wa katikati ya msuli huwa na tabia mchanganyiko.

Madaktari hutumia namba za FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, zilizotolewa 2011. Namba 0 ni uvimbe ulio wote ndani ya nafasi ya kizazi kwa kikonyo; 1 na 2 umeingia kwenye nafasi hiyo lakini sehemu imebaki ndani ya msuli; 3 na 4 uko msulini; 5 hadi 7 unaelekea nje; 8 ni wa mahali pengine kama shingo ya kizazi. Ukiambiwa "una faibroidi" bila kuambiwa iko wapi, bado hujapewa jibu. Uliza.

Nitapimwaje, na ripoti nisomeje?

Daktari atasikiliza historia yako, atapapasa tumbo na kupima kwa njia ya uke, kisha ultrasaundi. Ile ya kupita ukeni huona vizuri zaidi uvimbe mdogo. Ya juu ya tumbo husaidia kizazi kikiwa kikubwa. Ikihitajika kuona ndani ya nafasi ya kizazi, kuna kipimo cha kuweka maji ya chumvi wakati wa ultrasaundi, au kamera ndogo inayopitishwa kwenye shingo ya kizazi. MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, hutoa ramani nzuri kuliko zote, ila ni ghali na wengi hawaihitaji.

Kwenye ripoti tafuta vitu vitatu: idadi, vipimo kwa sentimita, na mahali. Ukikuta kizazi kimelinganishwa na "wiki 16", maana yake kimefikia ukubwa wa kizazi chenye mimba ya muda huo. Si kwamba una mimba, na si kwamba uvimbe una wiki 16.

Ombi langu moja: usikubali kila damu ipachikwe faibroidi. Kizazi chenye faibroidi kinaweza pia kuwa na saratani ya shingo, ambayo Tanzania ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Kama hujapimwa shingo ya kizazi, pimwa safari hiyo hiyo. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi inataka uchunguzi huo, na aliyepita miaka 45 huenda akachukuliwa kinyama kidogo cha ngozi ya ndani kikapimwe. Upo pia ugonjwa wa adenomayosisi, ambapo ngozi ya ndani huingia kwenye msuli. Nao huleta damu nyingi na maumivu, na mara nyingine hukaa pamoja na faibroidi.

Hb yangu ni 7. Mbona najisikia nimezoea?

Hb ni kipimo cha wingi wa damu. Mwili ukipoteza damu polepole hujizoesha, lakini moyo unafanya kazi ya ziada. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kula udongo, kutafuna barafu au mchele mbichi, nywele kukatika, kuchoka ukipanda ngazi: mara nyingi hayo ni madini ya chuma yanayodai.

Vidonge vya chuma vinywe mbali na chai na kahawa, kwa sababu chai huzuia chuma kunyonywa. Chungwa au ndimu husaidia. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Usiache mara Hb inapopanda. Endelea kama miezi mitatu ili akiba ijae. Wasioweza vidonge hupewa chuma kwa dripu. Na ukweli usiopendeza: ukijaza damu bila kuzuia inayotoka, baada ya miezi michache utarudi pale pale.

Damu haikatiki mwezi mzima. Nasali na kufunga vipi?

Wanawake wengi wa Kiislamu huuliza hili kwa uchungu. Damu inayopita siku za hedhi ni istihadha, na hukumu yake si ile ya hedhi. Kwa ufafanuzi mwone mwalimu au sheikh unayemwamini. Cha kumpelekea ni idadi ya siku zako za kawaida kabla tatizo halijaanza, kwa hiyo andika tarehe kila mwezi. Kalenda hiyo hiyo mletee na daktari.

Naweza kupata mimba nikiwa nazo?

Wengi hupata. Zinazopunguza nafasi wazi wazi ni zile zilizoingia kwenye nafasi ya kizazi, na kuziondoa husaidia. Zilizo nje haziathiri. Za katikati ya msuli zinabishaniwa, hasa zikiwa kubwa.

Kabla ya kukubali upasuaji kwa ajili ya kutafuta mtoto, hakikisha mirija imepimwa na mume amepima mbegu. Mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ni tatizo kubwa huku kwetu, na ni majonzi kumwona mwanamke aliyepasuliwa, akapona, akasubiri miaka miwili, ndipo mume akapimwa.

Ukiwa tayari mjamzito, usiogope. Mimba nyingi zenye faibroidi hufika salama. Zikikua, hukua hasa miezi mitatu ya mwanzo. Uvimbe ukikosa damu ya kutosha unaweza kuoza kwa ndani na kugeuka mwekundu, ukaleta maumivu makali mahali pamoja na homa kidogo. Mara nyingi hutulia kwa mapumziko na parasetamoli. Usijipe ibuprofeni mwenyewe. Mtoto anaweza kukaa vibaya, na baada ya kujifungua damu inaweza kuwa nyingi, kwa hiyo jifungulie hospitali yenye damu ya kuongeza na chumba cha upasuaji. Ukifanyiwa upasuaji wa kujifungua, usishangae daktari akiuacha uvimbe mahali pake, maana kuukata kizazi kikiwa kimejaa damu ni hatari.

Kuna dawa ya hospitali ya kuzimaliza?

Ya kuzimaliza kabisa, hapana. Zipo za kupunguza damu, na kwa wengi hizo zinatosha kuvuka miaka iliyobaki kabla ya kukoma hedhi. Asidi ya traneksamiki hunywewa siku za damu tu. Asiyeruhusiwa ni aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa. Ibuprofeni hupunguza maumivu. Vidonge vya majira na kitanzi chenye homoni hupunguza damu, ingawa kitanzi kinaweza kuchomoka kama nafasi ya kizazi imepinda.

Sindano za kufunga homoni, kama goserelini, husinyaza uvimbe na kukata hedhi. Hutumika miezi michache kabla ya upasuaji, ili mgonjwa ajaze damu na donge lipungue. Ukiacha, uvimbe unarudi. Marekani iliidhinisha vidonge vya aina hiyo vilivyochanganywa na homoni kidogo mwaka 2020 na 2021, ila navyo ni vya muda.

Na kama huna dalili, kutofanya chochote zaidi ya kuangaliwa mara kwa mara ni uamuzi sahihi wa kitabibu. Hujapuuzwa.

Vipi dawa za asili za kuyeyusha uvimbe?

Naelewa kwa nini zinanunuliwa. Kisu kinatisha, na muuzaji mtandaoni anakujibu usiku wa manane wakati hospitali imekupa tarehe ya mbali. Lakini hakuna mti, unga wala chai iliyothibitishwa kuyeyusha faibroidi. Donge la msuli lililo ndani ya ukuta halina njia ya "kusafishwa" likatoka.

Vile vifundo vya dawa vya kuingiza ukeni vinavyouzwa kama vya kusafisha kizazi vinaunguza ngozi ya uke. Yale makamasi na vipande unavyoonyeshwa kama ushahidi ni ute na ngozi iliyojeruhiwa. Ultrasaundi mbili zilizopigwa na watu wawili zinaweza kutofautiana milimita kadhaa bila chochote kubadilika, na uvimbe wa aliyekaribia kukoma hedhi ungesinyaa hata bila dawa. Hapo ndipo ushuhuda mwingi unapotoka. Kama tayari unakunywa kitu, mwambie daktari bila woga, hasa kabla ya upasuaji, kwa sababu baadhi huathiri ini, figo na kuganda kwa damu.

Kula mboga na matunda na kupunguza uzito ni vizuri kwa afya yako yote. Usiahidiwe zaidi ya hapo.

Nitolewe uvimbe tu au kizazi chote?

Inategemea kama unataka kuzaa, umri, idadi na mahali. Kutoa uvimbe peke yake huacha kizazi. Ule wa namba 0, 1 na baadhi ya 2 hutolewa kwa kamera kupitia ukeni, bila kidonda tumboni, na wengi huenda nyumbani siku hiyo au ya pili. Nyingine hutolewa kwa matundu madogo au kwa kufungua tumbo. Hatari kubwa ni damu, kwa hiyo pandisha Hb kabla, na andaa ndugu wa kuchangia. Soma fomu ya ridhaa. Mara chache damu hukataa kusimama na daktari hulazimika kutoa kizazi ili kuokoa maisha. Lizungumzeni hilo kabla ya siku ya upasuaji. Kama ukuta ulikatwa kwa kina, utashauriwa kungoja miezi kadhaa kabla ya mimba, na kujifungua kwa upasuaji.

Vimbe vipya vinaweza kuota baadaye, hasa kwa aliyekuwa navyo vingi akiwa bado kijana.

Kutoa kizazi ndiyo tiba pekee ambayo baada yake hazirudi. Vifuko vya mayai vinaweza kuachwa, na vikiachwa hutaingia ukomo wa hedhi ghafla. Tendo la ndoa linaendelea baada ya kupona, na wengi hulifurahia zaidi kwa kuwa damu na maumivu vimeondoka. Wewe ni mwanamke yule yule. Ila usisukumwe. Kama una miaka 32 na unaambiwa kizazi kitoke bila kuelezwa njia nyingine, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Nimesikia kuna njia ya kuziba mishipa bila kupasua.

Ipo. Ilielezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1995. Mtaalamu wa radiolojia hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi kwenye mishipa ya kizazi, akaachilia chembe ndogo zinazoziba damu inayolisha uvimbe. Maumivu siku ya kwanza ni makali na hutulizwa kwa dawa. Uvimbe husinyaa kwa miezi. Anayepanga kuzaa kwa kawaida hushauriwa kutoa uvimbe kwanza. Tanzania wataalamu wa fani hii wanafundishwa Muhimbili, kwa hiyo swali hili mwulize daktari wako bila kudhani ni mambo ya ng'ambo.

Nimekoma hedhi miaka miwili, damu imerudi. Si zile faibroidi zangu?

Usidhani hivyo. Faibroidi kipindi hicho husinyaa, na nyingine hujaa chokaa zikaonekana hata kwenye eksirei. Damu baada ya mwaka mzima bila hedhi inahesabiwa kuwa ya kuchunguzwa saratani hadi ithibitike vinginevyo. Nenda wiki hii.

Kwa nini uvimbe uliotolewa unapelekwa maabara?

Kwa sababu jicho tupu halitoshi. Chini ya hadubini faibroidi ni mafungu ya seli ndefu nyembamba zinazopishana, zinazofanana, na chache sana zinajigawa. Sarkoma huonyesha seli zisizofanana, nyingi zikijigawa, na sehemu zilizokufa. Dai majibu hayo hata kama unajisikia vizuri na kidonda kimepona. Sampuli nyingi huishia kabatini kwa kuwa hakuna aliyezifuata.

Ukisoma "leiomayoma", hiyo ndiyo faibroidi. Maneno kama kugeuka haialini, kuwa na maji au chokaa yanaeleza uvimbe uliozeeka au kukosa damu, na haialini ndiyo ya kawaida kuliko zote. Kuna ripoti chache zinazotaja upungufu wa kimeng'enya cha fumarate hidratasi. Ukikuta hilo, rudi kwa daktari ukiwa na historia ya ukoo, hasa kama kuna ndugu aliyeugua saratani ya figo au mwenye vinundu vya ngozi vinavyouma, kwa sababu aina hiyo inaweza kuwa ya kurithi, na hapo ni figo zako na za ndugu zako wa damu ndizo zitakazohitaji kuangaliwa.